Mtengeneza modi alipwe au asilipwe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nachora rangi za mabasi ya gemu za simu. Kabla ya hapo nilimaliza miaka kadhaa ndani ya Skyrim, gemu ya kompyuta, nikiijaza modi mpaka kompyuta inahema. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila mada ya pesa inapoibuka. Majibu ni yangu, na mengine hayatakufurahisha.

Modi ni nini hasa?

Ni kazi ya mtu wa nje inayobadilisha au kuongeza kitu ndani ya gemu ya mtu mwingine: gari, ramani, jezi, silaha, kisa kizima cha saa kumi, au marekebisho ya hitilafu ambazo kampuni yenyewe iliziacha. Bila gemu mama, modi haifunguki. Shika hilo, maana ugomvi wote unaanzia hapo.

Tuanze na msimamo wako. Alipwe au asilipwe?

Alipwe. Ila watu wakisikia hivyo wanamgeukia mchezaji, kana kwamba mdaiwa ni yeye peke yake. Mimi namtazama kwanza mwenye gemu.

Skyrim ilitoka Novemba 11, 2011. Ikauzwa tena kama Special Edition mwaka 2016, ikauzwa tena kama Anniversary Edition mwaka 2021. Kwenye kompyuta, sehemu kubwa ya kilichoifanya isichuje ni maelfu ya modi za watu ambao Bethesda, kampuni yenye gemu hiyo, haijawahi kuwalipa mshahara. Ipo hadi modi ya mashabiki ambayo kazi yake ni kurekebisha makosa ya gemu yenyewe, na wazoefu wengi huiweka kabla hawajaanza kucheza. Ni mpangaji anayeziba paa, anapaka rangi, anapanda maua barazani, halafu mwenye nyumba anatafuta wapangaji wapya kwa kuwaonyesha maua.

Si anafanya kwa mapenzi yake? Nani alimtuma?

Hakuna aliyemtuma. Fundi cherehani naye anapenda kushona, na nguo yako hukai nayo bila kulipa. Mapenzi yanaeleza kwa nini mtu alianza kazi. Hayasemi chochote kuhusu nani anakula matunda yake.

Hata hivyo nakubali kitu kimoja. Wapo watengenezaji, tena wazuri, wasiotaka pesa kabisa. Wanasema bei ikiingia, lawama nazo zinaingia, na mchezo wa jioni unageuka ajira isiyo na likizo. Hao wasilazimishwe kuuza, na wasitumiwe kama fimbo ya kuwapigia wanaotaka kulipwa.

Hiyo vurugu ya 2015 ilikuwaje?

Alhamisi, Aprili 23, 2015, Valve, wenye duka la gemu la Steam, wakishirikiana na Bethesda, walifungua mlango wa kuuza modi za Skyrim kwenye Steam Workshop, sehemu ya duka hilo ya kazi za wachezaji. Bei alipanga mtengenezaji. Mgawo ukawa hivi: mtengenezaji asilimia 25, Valve 30, Bethesda 45.

Tuipigie hesabu. Modi ya dola 4 inampa aliyekesha akiitengeneza dola 1. Valve wanachukua dola 1.20. Bethesda, ambao hawakugusa hata faili moja la modi hiyo, wanachukua dola 1.80. Na hiyo dola moja huipati papo hapo, maana ilibidi mgao wako ufike dola 100 ndipo ulipwe. Yaani wateja 100 wa dola 4 kwanza. Modi ndogo ya senti 50 ilihitaji wateja 800.

Wachezaji walikasirika kwa sababu zao: jana ilikuwa bure, leo ina bei, na muda wa kudai urudishiwe pesa ni saa 24 tu. Ombi la kutaka mpango ufutwe lilikusanya saini zaidi ya laki moja ndani ya siku chache. Gabe Newell, mkuu wa Valve, alijitokeza mwenyewe kwenye jukwaa la mtandaoni la Reddit kujibu maswali na akapokelewa kwa matusi.

Kwangu mimi kilichozika mpango ule ni samaki. Mojawapo ya modi za kwanza kuuzwa iliongeza uvuvi ndani ya Skyrim, na ili mvuvi arushe ndoano ilitumia modi nyingine ya miondoko ya mwili, FNIS, iliyokuwa inatolewa bure. Mwenye FNIS hakuridhia kazi yake iuzwe ndani ya kazi ya mwingine. Modi ya uvuvi ikaondolewa. Hapo kila mtu akaona lililokuwa limefichika: modi za Skyrim zimeegemeana kama nyumba za uswahilini, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Ukiuza yako, unauza na kipande cha jirani.

Jumatatu, Aprili 27, Valve walifuta kila kitu na kurudisha pesa za watu. Siku nne tu.

Siyo wote walioshangilia. Garry Newman, aliyetengeneza Garry's Mod, alisimama upande wa watengenezaji kulipwa, na alikuwa na haki ya kusema, maana kazi yake hiyo ilianza kama modi ya bure na imekuwa ikiuzwa Steam tangu 2006.

Mbona vitu vya Dota 2 na Counter-Strike viliuzwa miaka yote bila maandamano?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ni wachache wanaoliuliza. Januari 2015, miezi mitatu tu kabla ya vurugu za Skyrim, Valve walitangaza kwamba wameshawalipa wasanii wa Workshop zaidi ya dola milioni 57 kwa kofia, silaha na mavazi waliyotengeneza kwa ajili ya Team Fortress 2, Dota 2 na Counter-Strike: Global Offensive. Waliolipwa walizidi watu 1,500. Mgao wao? Asilimia 25 ile ile.

Sasa kwa nini huku watu waliridhika na kule wakavunja vyungu? Kofia ya Team Fortress 2 inajitegemea. Haihitaji kofia ya mtu mwingine ili ikae kichwani. Valve ndiyo iliyochagua ipi iingie dukani, kwa hiyo kama ina kasoro unajua pa kulalamika. Na haikuwahi kuwa bure jana yake. Gemu ikisasishwa, kampuni inahakikisha kofia yako haijapotea.

Chukua modi ya Skyrim ulinganishe. Inategemea nyingine tano, hakuna aliyeikagua, ilikuwa bure miaka mitatu, na gemu ikibadilika unabaki na faili lisilofunguka. Asilimia 25 ilipigiwa kelele sana, na ni ndogo kweli, lakini naamini hata ingekuwa 75 moto ungewaka. Walijaribu kuuza kwa kipande kitu kilichofumwa kama mkeka.

Bethesda waliachana na wazo hilo?

Wapi. Mwaka 2017 walileta Creation Club. Safari hii waliajiri watengenezaji kwa mkataba, wakawalipa kwa hatua kadiri kazi inavyoendelea, na kazi ilipaswa kuwa mpya, siyo modi ya bure iliyobandikwa bei. Wachezaji waliiponda kwa sababu vitu vingi vilikuwa vidogo kuliko bei yake, na hapo sibishi. Lakini kwa upande wa fundi, huo ndio utaratibu ninaouheshimu zaidi. Mwenye gemu anaagiza kazi, anailipia, anabeba hasara isipouzika.

Desemba 2023 wakaja na Creations ndani ya Skyrim, ambako watengenezaji waliothibitishwa wanapanga bei na kupata mgao wa mauzo. Juni 2024 ikafika Starfield, gemu yao nyingine. Kelele kubwa huko, cha ajabu, ziliwaangukia Bethesda wenyewe kwa kuuza misheni moja kwa takriban dola 7.

Kisheria, modi ni mali ya nani?

Mchoro ulioanza kwenye karatasi tupu ni wako. Sauti uliyorekodi ni yako. Ila ukivipachika kwenye gemu, umeingia kiwanja cha mtu, na masharti uliyobofya "nakubali" bila kuyasoma ndiyo yanayotawala.

Kesi inayotajwa sana ni ya Marekani, ya 1998, kati ya kampuni ya Micro Star na FormGen, wenye haki za gemu ya Duke Nukem 3D. Wachezaji wa gemu hiyo walihimizwa kutengeneza ramani zao na kugawiana bure mtandaoni. Micro Star wakazikusanya ramani 300, wakazijaza kwenye CD na kuiuza. Mahakama ya rufaa ikaona kwamba ramani hizo zinaendeleza hadithi ya Duke, na haki ya kuuza mwendelezo ni ya mwenye Duke. Micro Star wakashindwa. Kinachonikaa moyoni ni kwamba kampuni mbili zilibishana kuhusu kazi ya vijana waliochora ramani zile, na vijana wenyewe hawakuwa upande wowote wa kesi.

Tangu hapo wenye gemu wamejifunza kufunga milango mapema. Dota ilizaliwa ndani ya Warcraft III, gemu ya kampuni ya Blizzard, kwa mikono ya wachezaji, na aliyekuwa akiiendeleza, anayejulikana kama IceFrog, alichukuliwa na Valve mwaka 2009. Blizzard wakabaki wanatazama Dota 2 ikiingiza pesa kwingine. Walipoitoa upya Warcraft III mwaka 2020, masharti yao yalisema wazi kwamba gemu yoyote utakayotengeneza humo ni mali ya Blizzard. Yote.

Kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta na michoro pia, kwa hiyo usidhani kuwa mbali na Marekani ni kinga.

Nikimchangia tu kwa hiari, haitoshi?

Inasaidia. Fikiria shughuli ya taarabu. Mwimbaji akikugusa moyo, unasimama, unakwenda kumtunza noti mbele ya watu. Hakuna aliyekulazimisha, na asiyetunza haondolewi ukumbini. Ndivyo michango ya modi inavyokwenda, na ni jambo zuri.

Ila ukumbini mwenye shughuli ameshalipa bendi. Noti za kutunza zinakuja juu ya malipo. Kwenye modi, mwenye shughuli anauza tiketi mlangoni, bendi inaambiwa itegemee noti za waalikwa, na waalikwa wengi wanacheza na kuondoka. Waulize watengenezaji wangapi kati ya wanaopakua modi zao huchangia. Jibu linatia huzuni.

Nexus Mods, ghala kubwa la modi, tangu 2018 wana mfuko ambao watengenezaji hugawana kulingana na upakuaji, kwa pointi unazoweza kuzibadilisha kuwa pesa. Pointi 1,000 ni dola 1. Pesa inatoka kwa tovuti, siyo kwa mwenye gemu, lakini walau mtu hapangi foleni ya huruma.

Na wanaofungia modi Patreon, tovuti ya kuwachangia wabunifu, ulipe kwa mwezi ndipo upakue?

Hapa mwenye gemu ndiye mwenye neno, na kila mmoja ana lake. EA, wenye gemu ya The Sims 4, mwaka 2022 waliwaambia watengenezaji wa modi zake kwamba lazima ziwe bure. Unaweza kupokea michango, na unaweza kuwapa wanaokuchangia nafasi ya kuipata mapema kwa muda wa kiasi, kisha ifunguliwe kwa wote. Neno "kiasi" hawakulipimia siku, basi kila mtu akalipima kwa kijiko chake. Take-Two, kampuni nyingine ya gemu, mwaka huo huo walimlazimisha mtengenezaji wa modi za uhalisia pepe (VR) aziondoe za gemu zao, naye alikuwa akizitoa kwa wanaomlipa Patreon.

Binafsi mpango wa mapema kisha bure naukubali. Kufuli la kudumu kwenye gemu ya mtu mwingine silitetei, hata fundi awe hodari vipi.

Nikinunua modi, halafu gemu ikasasishwa na modi ikafa?

Kwenye mauzo ya modi hili ndilo linaloniogopesha. Toleo la Skyrim la Novemba 2021 liliua kwa muda modi zote zilizotegemea SKSE, programu inayopanua uwezo wa gemu, mpaka kila moja irekebishwe. Fallout: London, kazi ya miaka ya watu waliojitolea, ilipangwa kutoka Aprili 23, 2024. Bethesda wakatangaza kwamba sasisho kubwa la Fallout 4, gemu mama ya modi hiyo, litatoka wiki hiyo hiyo. Timu ikalazimika kuahirisha, na modi ikatoka Julai 25, bure, kupitia duka la gemu la GOG.

Sasa fikiria wangekuwa wamewauzia watu. Nani angerudisha pesa? Anayeivunja modi ni mwenye gemu, anayetukanwa ni mtengenezaji. Yeyote anayechukua asilimia 45 ya mauzo achukue na mzigo huu. Bila hivyo, bei ni mtego kwa mtengenezaji kuliko kwa mnunuzi.

Modi ikipendwa sana, si atoke nayo awe na gemu yake?

Waliofanikiwa wapo. Counter-Strike ilikuwa modi ya Half-Life ya Minh Le na Jess Cliffe, 1999, Valve wakainunua na kuwachukua na wenyewe. DayZ ya Dean Hall ilitoka 2012 kama modi ya Arma 2, gemu ya 2009 ambayo ghafla ikapanda kileleni mwa mauzo ya Steam kwa sababu watu waliihitaji ili wacheze modi. The Forgotten City ilianza kama modi ya Skyrim mwaka 2015, ikawa gemu kamili mwaka 2021.

Lakini anayetengeneza miti mizuri zaidi au kurekebisha milango inayokwama hana pa kutoka nayo. Hakuna gemu inayoitwa Milango Isiyokwama.

Na hapa kwetu mambo yakoje?

Kwetu biashara ipo, ila ya gizani. Vijana wa Tanzania na Kenya wamejaza Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu ya Maleo ya Indonesia inayoruhusu wachezaji kuweka magari na rangi zao, kwa mabasi ya mikoani na matatu. Wengine wanachukua PES, gemu ya mpira inayochezwa kwa programu ya PPSSPP, na kuivisha jezi za Simba na Yanga. Faili linawekwa nenosiri, unatuma pesa kwa simu, unapewa nenosiri.

Niliwahi kutuma 5,000 kwa kijana mmoja kwa ajili ya basi lililosifiwa sana. Nikafungua, nikalipeleka barabarani, nikazungusha kamera nyuma. Kwenye kioo cha nyuma kuna maandishi MUNGU NI MWEMA, na herufi W imeigusa E. Nilijua kwa nini imeigusa. Mimi ndiye niliyeiandika, saa nane usiku, kidole kikateleza kwenye kioo cha simu na nikaona uvivu kufuta. Nilikuwa nimelipia rangi yangu mwenyewe, niliyoigawa bure miezi minne nyuma.

Nikamwandikia. Akajibu, "Bro, hiyo nimeikuta mtandaoni, ni ya wote." Nilitaka kuwaka. Kisha nikakumbuka kwamba rangi za basi lile ni za kampuni halisi ya mabasi, na mimi sikuwahi kwenda ofisini kwao kuomba ruhusa. Nikaacha.

Pesa ya nje nitaipokeaje?

Kenya wana nafuu: tangu 2018 PayPal inaunganishwa na M-Pesa. Kwa Tanzania, PayPal kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia, siyo ya kupokelea, na ndiyo maana wengi hupitisha malipo kwa ndugu au rafiki aliye nje. Kabla hujaweka kitufe cha mchango, hakikisha pesa itakufikia. Namjua kijana mwenye michango inayoonekana kwenye akaunti na haishikiki mkononi.

Mimi mchezaji wa kawaida nifanye nini?

Usipakue kwa anayepakia upya kazi za wengine, mfuate mwenyewe. Ukiwa na elfu mbili, mtumie. Ukiwa huna, muandikie kwamba basi lake limekufikisha Mbeya salama. Na modi ikigoma baada ya sasisho, usianze na matusi.

Wewe unachora kwa bei gani?

Basi lenye rangi za kampuni halisi ni bure siku zote, sababu umeshaisoma. Ukitaka la kwako, jina lako, rangi uliyoiwaza wewe, ni shilingi 7,000, na gemu ikibadilisha kiolezo nakupangia upya bila kudai nyongeza. Maandishi ya kioo cha nyuma yamo ndani ya bei. W na E siku hizi naziachia nafasi.